Darubini Iliyomwagiwa Simiti

Nimeishi Buruburu miaka mingi, na sijaona watu wanaojua kuharibu kitu kizima kwa nia njema kama watu wa korti yetu. Korti, kwa asiyejua mtaa wetu, ni nyumba kadhaa zilizouzunguka uwanja mmoja nyuma ya geti moja, zenye bawabu mmoja, tangi moja la maji na mwenyekiti mmoja. Bawabu analala, tangi linavuja, mwenyekiti anahutubia. Katikati ya uwanja huo ndipo walipoipanda ile darubini. Nataka niisimulie mimi, kwa sababu hotuba zote zilizotolewa juu yake zimetolewa na watu ambao hawakuwahi kuiwekea jicho.

Nitaanza na Wazungu, maana dharau yangu haina ubaguzi.

Marehemu baba yangu, aliyekuwa karani mjini na ambaye mdomo wake ndio niliourithi, alinisimulia kwamba darubini hiyo ililetwa kwa meli, ikapanda treni, halafu ikabebwa mabegani na watu weusi hadi kilimani nje ya mji. Huko mabwana kadhaa walikuwa wamejijengea kijumba cha mviringo chenye paa la kufunguka, wakakiita kituo cha kuangalia nyota. Baba alisema waliziangalia nyota jinsi walivyowaangalia twiga, yaani glasi mkononi na mgongo kitini, huku wakiambiana kwamba hakuna mbingu nzuri duniani kama hizi walizozipata bure. Waliolibeba bomba lile la shaba, zito kuliko ndama, hawakuitwa hata siku moja waweke jicho. Sijui mabwana waliogopa nini. Labda nyota zingechafuka.

Bendera moja iliposhuka na nyingine ikapanda, mabwana wakafunga virago. Walibeba mbwa wao, vijiko vyao vya fedha na hata mbegu za maua, lakini darubini ilikuwa nzito, basi wakaitoa zawadi. Ilizunguka katika ofisi za serikali, kila mkubwa akimsukumia mwenzake, hadi ikaangukia shule moja ya Eastlands, upande wetu huu wa mashariki mwa mji, shule ya kuta za mawe na madirisha yasiyo na vioo, ambako mimi nilikuwa darasa la sita. Wakaijengea chumba juu ya paa, na siku ya kukifungua akaja mgeni wa heshima, mtu wa tumbo na fimbo.

Akainama, akaweka jicho, akakaa hapo hadi walimu wakaanza kutazamana. Alipoinuka alipangusa paji la uso kwa hanchifu, akasema kwa sauti nzito, "Kweli Mungu ni mkubwa! Maajabu niliyoyaona humu siwezi kuyaeleza." Watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Ilikuwa mchana wa jua kali, na kifuniko cha ngozi kilikuwa bado kimeufunika mdomo wa darubini. Mimi nilikiona, nikamwonyesha jirani yangu kwa kidole, nikachapwa viboko mbele ya shule nzima kwa kukosa adabu. Siku hiyo nilijifunza mambo mengi kuliko muhula mzima.

Kitu nilichokitaka mimi kilikuwa kimoja tu. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametuchorea Zohali ubaoni, sayari yenye pete, na sikumwamini. Yaani kitu kinaelea angani, kimevaa pete, na pete yenyewe haikigusi? Nani anaishika? Nilitaka kuiona kwa jicho langu, kupitia bomba lile lililokuwa juu ya kichwa changu tukisoma. Mwalimu akatuahidi jioni moja ya kuangalia. Nilioga, nikapaka miguu mafuta, nikavaa sweta ya dada. Jua lilipotua tu, mwalimu mkuu akatoka ofisini akasema wasichana wote waende nyumbani kabla giza halijaingia, barabara si salama. Wavulana wakabaki. Kwa hivyo sisi tuliokuwa hatarini tukatiwa barabarani, na wao wasiokuwa hatarini wakabaki ndani ya geti wakitazama mbingu. Nililia njia nzima, nikiwa nimekunja ngumi.

Kesho yake mvulana tuliyeketi naye dawati moja alijigamba kutwa. Nilipombana anieleze pete ziko vipi, akajikuna, akasema, "Ah, inakaa tu kofia." Mungu alimpa macho mawili, akampa na Zohali, naye akaona kofia.

Nikasoma, nikawa mwalimu wa jiografia, na kwa njia za serikali zisizoeleweka nikatumwa kufundisha shule hiyo hiyo. Nilidhani sasa mambo yangu yamenyooka. Thubutu! Mwalimu mkuu aliyekuwepo alikuwa na ufunguo wa chumba cha paani, na ufunguo huo aliuvaa shingoni kama askofu na msalaba wake. Kila nilipouomba alijibu, "Madam, hicho ni kifaa cha serikali. Kikiharibika nani atajibu?" Basi kikatunzwa kisiharibike kwa kutumiwa, kikaharibika kwa kutunzwa. Njiwa wakaingia, mvua ikaingia, na wakati fulani wezi nao wakaingia. Bomba liliwashinda, wakang'oa mashine ya saa iliyokuwa ikiizungusha darubini taratibu ili iifuate nyota, maana nyota haikai mahali pamoja. Mashine ikauzwa skrepu. Leo huenda ni bawaba za mlango wa mtu huko Huruma.

Mimi nikaendelea kuchora Zohali kwa chaki, mwaka nenda mwaka rudi. Nimechora pete nyingi kuliko sonara. Watoto walipouliza, "Mwalimu, wewe umeiona?" niliwaambia wafungue kitabu.

Nilipostaafu nilidhani nimeachana nayo. Halafu shule ikataka kubomoa chumba kile, na mwenyekiti wetu akapata habari. Huyu ni mtu aliyemaliza maisha yake ya kazi akigonga mihuri katika ofisi fulani, na alipostaafu mkono ukakosa cha kugonga. Anatembea ameweka mikono nyuma. Kila sentensi anaianza na "kama nilivyosema," hata ikiwa ndiyo mara ya kwanza kufungua kinywa siku hiyo. Debe tupu haliachi kuvuma. Alirudi na darubini juu ya mkokoteni, wanaume wakisukuma huku yeye akitembea mbele kama bwana harusi, akaitisha mkutano uwanjani, akatutangazia kwamba ameokoa turathi ya taifa.

Nilisimama. Nikawaeleza polepole, kama nilivyokuwa nikieleza darasa la nne, kwamba darubini si sanamu. Ili ione lazima igeuke. Iwekwe juu ya kigingi kinachozunguka, ifunikwe kwa turubai mvua ikinyesha, na jioni moja moja tuifunue tuangalie, sisi na watoto wetu. Nilieleza vizuri, na wengine walitikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Kama nilivyosema, Mwalimu," akasema, "kitu kikizunguka kitaibiwa."

Mkutano mzima ukapiga makofi, hata wale waliokuwa wakitikisa kichwa.

Hapo lazima umjue mtu wa Eastlands. Sisi tumeibiwa taa ya geti, tumeibiwa mfuniko wa mtaro, tumeibiwa mita ya maji ikiwa bado inazunguka. Kwa hivyo mtu wa huku akipenda kitu, hakitumii, anakifunga. Televisheni imewekwa ndani ya kizimba cha vyuma, mtungi wa gesi una mnyororo, hata kiti cha plastiki cha kinyozi kina kufuli. Basi wakachimba shimo, wakamwaga simiti, wakasimika nondo nne, wakaichomelea darubini isigeuke kulia wala kushoto hadi siku ya kiama. Kabla haijachomelewa mtu mmoja aliuliza iangalie wapi. Mwenyekiti akainua kidole upande wa magharibi, juu juu, akasema, "Iangalie juu. Ni ishara ya maendeleo."

Magharibi mwa korti yetu kuna ghorofa jipya, refu, la kupangisha. Wiki haijaisha, akashuka mama mmoja wa orofa ya nne, amejifunga leso, akasimama getini akapiga ukelele kwamba korti nzima inamchungulia akioga. Darubini yenyewe ilikuwa inatazama juu ya paa lake, juu hata ya tangi la maji lililo paani. Hata angekuwa anaoga juu ya tangi hilo isingemwona. Mtu mwenye akili angemshika mkono akamwambia, mama, njoo uweke jicho ujionee. Mwenye macho haambiwi tazama! Lakini hakuna aliyewaza kuweka jicho, hata mama mwenyewe, nami nilikuwa nimeisusia tangu simiti imwagwe. Kamati ikakaa, ikajadili, ikamwita fundi wa kuchomelea kutoka kando ya Jogoo Road, naye akaziba mdomo wa darubini kwa kipande cha bati.

Baada ya hapo wakaipaka rangi, nyeupe juu na bluu chini, rangi ile ile ya ukuta wa geti, pamoja na kile kioo kidogo cha kuwekea jicho. Yaani waliifunga miguu, wakaiziba mdomo, wakaipaka rangi jichoni, halafu wakaleta hema na spika wakaizindua. Siku hiyo nilifunga madirisha nikapika githeri. Niliwasikia wakipiga makofi hadi ikaiva.

Na usidhani haikuwa na kazi. Maharusi walipigwa picha wakiwa wameiegemea. Msichana wa kazi wa nyumba ya pembeni alianika soksi juu yake. Mhubiri mmoja wa Jumapili mchana alisimama juu ya lile jukwaa la simiti akatuonya kuhusu moto. Wagombea kura walibandika nyuso zao ubavuni mwake, uso juu ya uso, hadi bomba likanenepa kwa karatasi. Kila aliyepita alijua ni kitu cha maana, na hakuna aliyeuliza ni cha maana kwa nini.

Kufikia hapo jicho langu la kushoto lilikuwa limekwenda. Nilidhani ni uzee. Kumbe ni presha ya macho, inayokula pembeni kwanza, taratibu, mtu asijue anaibiwa. Daktari, kijana mwenye adabu nyingi mno, aliniambia la kulia nalo linafuata, kwamba dawa ya matone itachelewesha lakini haitazuia. "Tutalitunza lililobaki, mama," akasema. Nikamuuliza litadumu mpaka lini. Akasema hawezi kujua. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje nikaogopa, nasema waziwazi. Na katikati ya hofu hiyo, kilichonijia si nyuso za watoto wangu wala kaburi la mume wangu. Kilichonijia ni Zohali. Nitapofuka kabla sijaiona Zohali.

Tafadhali usinishauri. Nilikwisha kushauriwa. Mpwa wangu wa Donholm alinitumia picha kwenye simu, pete za rangi rangi, maridadi kama keki. "Anti, si hii hapa? Imetoka poa kuliko hata ya darubini." Nikamwambia akialikwa harusini ale picha ya pilau. Sikutaka picha. Wala sikutaka kupelekwa kwenye darubini ya mtu mwingine, niambiwe asante kwa kuja. Nilitaka ile iliyokuwa juu ya kichwa changu, ile niliyofukuzwa nisiiangalie nikiwa nimepaka miguu mafuta.

Mwezi wa kwanza huku kwetu anga hukauka, mawingu yakatupisha kidogo. Jioni moja nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele, zaidi kwa vidole kuliko kwa macho, nikainua kichwa. Juu ya tangi la lile ghorofa palikuwa na nuru ya manjano, imetulia, haipepesi. Nyota hupepesa, sayari hazipepesi. Hayo nimeyafundisha maisha yangu yote. Nikaacha sinia, nikaenda nyuma ya darubini, nikalaza shavu kwenye bomba, nikalenga kama mtu anayelenga kwa manati. Zohali ilikuwa inashuka magharibi, na ilipita kando kidogo tu ya pale bomba lilipoelekea.

Jioni iliyofuata ilipita karibu zaidi. Iliyofuata, karibu zaidi. Unaona mambo? Mjinga ameinua kidole hewani akasema maendeleo, na kidole kimeangukia njia ya Zohali! Darubini haiwezi kugeuka kuifuata sayari, sawa. Lakini sayari ikiamua yenyewe kupita mbele yake, ni kamati gani itaizuia?

Ila haikuwa ya kungoja. Kila jioni ilikuwa inapita pale mapema kidogo kuliko jana, na baada ya siku chache ingepita jua likiwa bado juu, isionekane. Tena pete za Zohali hubadilisha ulalo kadiri miaka inavyokwenda. Mwaka huu zimelala ubavu kwetu, nyembamba kama uzi, na zitachukua miaka kufunguka tena. Miaka hiyo jicho langu halina. Kwa hivyo ilikuwa ni jioni hizo chache na pete nyembamba, au basi.

Nikaenda kwa mwenyekiti.

"Ondoa lile bati," nikamwambia.

"Karibu kwanza, Mwalimu. Chai?"

"Sitaki chai. Nataka bati liondoke wiki hii."

"Kama nilivyosema, lile bati ni azimio la kamati. Itabidi tuitishe mkutano, tuwajulishe wapangaji wa ghorofa, tusikie maoni. Tuseme mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi itakuwa imepita."

"Nini itakuwa imepita?"

"Zohali."

Alinitazama kama aliyeambiwa ng'ombe ametaga. Akafikiri sana, kwa uso wote. "Na haiwezi kungoja?" akauliza.

Haki ya Mungu, aliuliza hivyo. Mimi nikafungua mdomo wa baba yangu. Nilimwambia amezoea vitu vinavyongoja foleni mbele ya dirisha lake. Nilimwambia kitu pekee cha maana kilichowahi kuingia korti hii amekifukia kama mbwa na mfupa. Nilimwambia hata lile bati lina kazi, yeye hana. Mke wake alikuwa jikoni akiosha vyombo, na vyombo vikanyamaza. Nikaondoka nimeshinda. Jioni hiyo nililaza shavu kwenye bomba nikaiona Zohali ikishuka, ikashuka, ikaingia sawasawa katikati ya ule mdomo uliozibwa, ikatoka upande wa pili.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikarudi kwake. Alikuwa anamwagilia waridi zake, amechuchumaa, anang'oa magugu kwa mkono kama mtu anayemchana mtoto nywele. Sikuweza hata kumwamkia.

"Mwenyekiti, ninapofuka," nikasema. "Hili la kushoto limekwisha, hili la kulia linafuata. Tangu nikiwa mtoto nimetaka kuona kitu kimoja. Jana jioni kimepita mbele ya lile bati lako. Nakuomba."

Kumwomba mtu yule! Ningeambiwa nimeze msumari ningechagua msumari. Akaweka mkebe wa maji chini, akainuka kwa kushika goti.

"Si ungesema tu, Mwalimu," akasema.

Akapangusa mikono kwenye suruali, akatoa simu akampigia fundi. Alikuwa na sharti moja, kwamba bati lirudishwe jioni hiyo hiyo, kwa sababu alimpa yule mama wa orofa ya nne neno lake. Nikamwambia neno lenyewe ni la kipuuzi.

"Ni la kipuuzi," akakubali. "Lakini nililitoa."

Fundi alikuja na grainda na waya mrefu tuliouchomeka nyumbani kwangu. Mtu mzima, mwenye kitambi, anazungumza kama vijana wa kituo cha basi. "Niaje shosh," akaniambia, shosh kwao ndiyo nyanya. "Kwani hii ni bazuka?" Nikamwambia akate bati asikate kingine. Cheche zikaruka, bati likaanguka kwenye simiti kwa kishindo, na nyuma yake lenzi kubwa ilikuwa safi. Safi kabisa! Lile bati lililowekwa kwa ujinga ndilo lililoikinga na ile rangi iliyopakwa kwa ujinga. Nilikuja na chupa ya dawa ya kutoa rangi ya kucha, nikakisugua kile kioo kidogo cha jicho kwa pamba, polepole, hadi rangi ikaachia. Kirungu cha kurekebisha mwono kilikuwa kimeganda. Mwenyekiti akaleta mafuta ya cherehani ya mke wake, akayatia tone tone, akakizungusha kwa vidole vyake vya mihuri hadi kikalainika. Hakuhutubia hata mara moja.

Adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikiti wa karibu. Mlingoti wa taa za mulika mwizi ng'ambo ya barabara ukawaka, ukamwaga weupe wake juu ya mapaa yote. Kwenye orofa ya nne pazia likavutwa kwa hasira. Nikapanda juu ya kreti ya soda, mwenyekiti akapiga magoti akaishika isiyumbe, nikaweka jicho.

Kwanza hapakuwa na kitu, ila kiduara cha anga. Nikageuza kirungu mbele, nikageuza nyuma. Nikamwambia mwenyekiti anyamaze, na wala hakuwa amesema kitu. Moyo ulikuwa unapiga hadi jicho lenyewe linatikisika, nami nikalitukana. Halafu ukingoni ikaingia. Ilikuja kama tone la maziwa lililomwagika. Nikageuza kirungu kidogo sana, tone likajikusanya, likakaza, likawa kitu. Shanga ya manjano iliyopitishwa sindano. Sindano upande huu, sindano upande ule, katikati shanga. Ndogo! Woi, ndogo mno, kitu cha kuokota sakafuni ukifagia. Na ilikuwa kweli. Haikuchorwa na mtu. Kuizunguka palikuwa na buluu nzito ya anga, na kuizunguka buluu hiyo palikuwa na lile giza la jicho langu, na Zohali ilikuwa inatembea taratibu kutoka buluu kwenda kwenye giza.

Nilijua mwenyekiti ataomba aone. Ilikuwa haki yake. Bati ni lake, fundi ni wake, kreti ameishika yeye. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, tena jibu baya, la kumwambia alikuwa na siku zake za kuangalia kabla ya bati asiangalie. Sikuwa tayari kumpa hata kipande. Muda wote ule haukuzidi wa kunywa kikombe cha chai ya moto, na kila tone lilikuwa langu. Shanga ikafika ukingoni, ikamegeka, sindano moja ikabaki peke yake, halafu ikawa buluu tupu. Hakuomba.

Nilibaki nimeinama hapo, machozi yanadondoka kwenye shaba.

"Umeiona?" akauliza kutoka chini.

"Nimeiona."

"Ina pete kweli?"

"Inazo."

"Basi," akasema, akainuka, akanishika kiwiko nikashuka.

Fundi akapanda na bati lake, akavaa miwani myeusi. "Fumbeni macho," akatuambia. "Hasa wewe, shosh. Huu moto unaharibu macho."

Kicheko kilinitoka, sikukiita. Nilicheka hadi watu wakatoka milangoni kuona kama nimerukwa na akili, na kabla sijajua kikawa kilio. Sikufumba. Nililikodolea jicho lile bati likirudishwa mahali pake. Cheche ya kwanza iliporuka, kiganja cha mwenyekiti kikaja mbele ya uso wangu, kizito, kinanuka mafuta ya cherehani na udongo wa waridi, kikalifunika jicho langu la kulia. Ningeweza kukisukuma. Nilikiacha hapo mpaka fundi akamaliza.